Wiski na limau la kukamua nyumbani: umimine, utikise, au uweke jagi mezani?

Desemba iliyopita, nyumbani kwetu Arusha, watu wawili waliniomba kinywaji cha jina moja. Mjomba, ambaye ameishi Birmingham zaidi ya miaka ishirini, alitaka wiski na lemonade. Dada, mtoto wa mama mkubwa, aliyesomea Texas, akasema na yeye apewe hiyo hiyo. Nikakamua malimau, nikatia shira, maji baridi, barafu, kisha wiski. Dada akanywa nusu glasi bila kusema neno. Mjomba akaonja mara moja, akaiweka chini.

"Mjomba, hii si sharubati ya limau?" akaniuliza.

"Ndiyo, mjomba, na wiski imo ndani."

"Mimi nilitaka lemonade."

Wote wawili walikuwa sahihi. Kwa Mmarekani, lemonade ni limau, sukari na maji, bila gesi: ndiyo sharubati yetu hasa. Kwa Mwingereza ni soda ya chupa, nyeupe, yenye gesi, ndugu yake Sprite. Waireland wanayo hadi nyekundu, na wiski yao wameizoea kuinywa nayo. Maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu zetu yameandikwa na Wamarekani, mengine na Waingereza, na neno ni lile lile. Ndiyo maana mtu anafuata vipimo sawasawa, lakini anapata kinywaji kitamu kupita kiasi, au kikali hadi meno yanashikwa ganzi. Ukisoma "lemonade" mahali popote, jiulize kwanza kama sukari imeshaingia humo, na kama kuna gesi.

Tangu siku ile nimekitengeneza kinywaji hiki mara nyingi, kwa njia tofauti, na watu tofauti mezani. Ninachotaka hapa ni kuziweka njia hizo bega kwa bega ili wewe mwenye chupa moja ya wiski, malimau machache na wageni wa Jumamosi ujue ushike ipi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: pesa yako na muda wako vitangulie kwenye limau na barafu. Jina la chupa lije baadaye sana.

Limau, ndimu, na lile lenye manundu

Kosa la kwanza hutokea sokoni. Kwa Kiswahili cha Pwani, na Tanzania kwa jumla, ndimu ni ile ndogo ya mviringo, ganda jembamba, inayokamuliwa juu ya samaki, mishikaki na urojo. Limau ni kubwa, refu kidogo, lenye chuchu mwishoni, na likiiva huwa la njano. Lakini ukiwa Nairobi ukamwomba mama mboga ndimu, mara nyingi atakupa limau. Kwa hiyo usinunue kwa jina. Nunua kwa macho na kwa pua.

Malimau yenyewe ni ya aina mbili kuu katika masoko yetu. Kuna yale laini ya dukani, ganda linang'aa, mbegu chache, mengi yakiwa yametoka nje ya nchi. Na kuna yale yenye manundu, ganda nene, mbegu tele, yanayouzwa kwa mafungu. Hayo ya pili watu huyadharau, na mimi nasema wanakosea. Ni mti huo wa limau lenye manundu ambao wakulima wa Muheza na kwingineko wamekuwa wakiutumia kama shina la kubebeshea michungwa, kwa sababu ni mgumu na mizizi yake inastahimili. Tunda lake lina maji kidogo kuliko la dukani ukilinganisha na ukubwa, ila harufu ya ganda lake, mmh, chumba kizima kinajua kwamba umelikata.

Basi limau laini ndilo rahisi zaidi. Moja la wastani hutoa karibu mililita 45, yaani vijiko vitatu vya chakula, na ukali wake haubadilikibadiliki kati ya tunda na tunda. Kama unatengeneza glasi moja ukitaka vipimo visikusumbue, chukua hilo. Ubaya wake ni kwamba malimau yanayosafirishwa mbali hupakwa nta ili yasinyauke. Ukitaka kutumia ganda, lisugue kwa brashi chini ya maji ya moto kwanza.

Lile lenye manundu lina faida kwenye jagi, ambako harufu ya ganda ina nafasi ya kuenea. Ongeza tunda moja la ziada kwa kila manne, na chuja mara mbili, kwa sababu mbegu zikikatwa na kisu au zikibanwa kwenye kikamulio huacha uchungu.

Na ndimu? Ndimu ninaipenda kuliko vyote hivi, lakini si kwa kinywaji hiki. Ukali wake una kingo, na nyuma yake una uchungu mdogo wa kijani ambao kwenye samaki ni baraka. Ukikutana na wiski ya Kimarekani yenye ladha ya mahindi na mwaloni, kila mmoja anavuta upande wake. Kama ndimu ndiyo pekee iliyopo nyumbani, punguza kiasi kwa theluthi moja, chagua wiski nyepesi ya Ireland, na badala ya maji tia soda ya tangawizi. Hapo inakaa vizuri. Kumbuka pia ndimu moja ndogo ina kijiko kimoja tu cha chakula, pengine pungufu, kwa hiyo hesabu ya matunda inabadilika kabisa. (Wapo watakaoniuliza kuhusu Konyagi na ndimu. Konyagi si wiski, haina mwaloni ndani yake, na ndimu inaelewana nayo vizuri sana. Ni habari ya siku nyingine.)

Maji ya limau ya chupa, yale yaliyosindikwa, niliyajaribu mara mbili nikayaacha. Ukali umo, lakini harufu imekwenda. Kama huna njia nyingine, tumia hayo kwa ukali kisha nunua hata limau moja tu bichi kwa ajili ya ganda lake.

Limau likiwa limetoka kwenye friji, liache lipate joto la chumba kwanza. Lisokote juu ya meza kwa kiganja ukilikandamiza, kisha likate kwa upana, si kwa urefu. Maji huongezeka waziwazi. Kamua karibu na saa ya kunywa. Mwaka juzi nilikamua asubuhi ili nipumzike jioni, na saa mbili usiku kinywaji kilikuwa kimepooza, kama maji yaliyowekewa ndimu ya jana. Saa tatu au nne kwenye friji hazina shida. Kutwa nzima ni ndefu mno.

Njia tatu za glasi

Vipimo hivi ni vya mtu mmoja. Kijiko ninachosema ni cha chakula, chenye mililita 15, kwa sababu si kila nyumba ina kipimo cha baa. Shira ni ya kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji.

| | Kumimina | Kutikisa | Mtindo wa Lynchburg |
|---|---|---|---|
| Wiski | vijiko 3 | vijiko 4 | vijiko 2 |
| Maji ya limau | vijiko 2 | vijiko 2 | vijiko 2 |
| Utamu | shira vijiko 2 | shira kijiko 1½ | pombe tamu ya machungwa vijiko 2 |
| Cha kurefushia | maji baridi au ya gesi, nusu kikombe | hakuna | Sprite, nusu kikombe |
| Kilevi kwenye glasi | karibu asilimia 8 | karibu asilimia 17 | karibu asilimia 11 |
| Chombo | glasi ndefu na kijiko | chupa yenye mfuniko, chujio | glasi ndefu |

Kumimina ndiko kuliko karibu na sharubati. Unajaza barafu kwenye glasi, unatia wiski, limau, shira, unakoroga, kisha unaongeza maji. Ukikosea unaweza kurekebisha ukiwa umekaa pale pale: shira kidogo, limau kidogo, basi. Ni kinywaji cha mchana wa joto, cha kukaa nacho barazani kwa muda mrefu. Ukitumia maji ya gesi, yatie mwisho na ukoroge mara moja tu, la sivyo gesi yote inaishia kwenye kijiko. Kwa Mjomba, siku hizi ninaweka nusu maji ya gesi na nusu soda nyeupe ya chupa, na shira naipunguza hadi nusu kijiko kwa sababu soda imeshakuja na sukari yake. Hajairudisha glasi tena.

Kutikisa ni jambo jingine kabisa. Hapa maji hayaongezwi kwa mkono, yanatoka kwenye barafu. Ukitikisa kwa nguvu sekunde kumi hadi kumi na tano, barafu inayeyuka kiasi cha kuongeza karibu robo ya ujazo ulioanza nao, na hewa inaingia, limau linakuwa laini mdomoni, lenye povu jembamba juu. Huhitaji kifaa cha baa. Mimi nilianza na chupa ya jamu ya kioo yenye mfuniko unaobana, na mpaka leo nikiwa kwa watu naomba hiyo hiyo. Tia kila kitu pamoja na barafu nyingi, funga, tikisa hadi nje ya chupa pashike ukungu na vidole viume kwa baridi. Chuja kwenye glasi yenye barafu mpya. Ile barafu ya kutikisia usiitumie tena. Imeshavunjikavunjika na itageuza kinywaji kuwa maji ndani ya dakika tano.

Wengine hutikisa na ute wa yai ili povu liwe nene. Ni zuri kulitazama, ila yai bichi lina hatari ya salmonela, na nyumbani kwangu kuna wazee. Maji mazito ya dengu zilizochemshwa bila chumvi wala kitunguu hutoa povu karibu sawa, kijiko kimoja na nusu kinatosha.

Ninachotaka ukione kwenye jedwali ni mstari wa kilevi. Glasi ya kutikisa ni ndogo, na kwa kuwa ni ndogo watu huihesabu kama kitu kidogo. Ndani yake kuna kilevi halisi mililita 24. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Mtu akinywa glasi tatu za namna hiyo kabla ya chakula, amekunywa bia tatu kubwa kwa muda wa kumaliza mbili. Mwenye nyumba unapaswa kuijua hesabu hii kuliko mgeni, na ujue pia nani amekuja na funguo za gari mfukoni.

Mtindo wa Lynchburg unabeba jina la mji mdogo wa Tennessee inakotengenezwa Jack Daniel's, ingawa kinywaji chenyewe hakikuzaliwa huko. Mwaka 1980 mwenye mgahawa mmoja wa Huntsville, Alabama, Tony Mason, alikichanganya na kukiuza kwa wateja wake. Baadaye alikwenda mahakamani akidai kampuni ya wiski imechukua mchanganyiko wake na kuutangaza nchi nzima. Jopo la mahakama lilimpa haki, lakini fidia yake ikawa dola 1. Nikikitengeneza huwa namkumbuka.

Kama kinywaji, ndicho kinachopendwa haraka zaidi na mtu asiyependa ladha ya wiski, na hapo ndipo ninapokiogopa. Pombe tamu ya machungwa si shira. Cointreau ina asilimia 40, sawa na wiski yenyewe, kwa hiyo vijiko viwili na viwili ni vinne, na Sprite inafunika vyote. Pia kinataka chupa ya pili ambayo nyumba nyingi hazina na ambayo bei yake si ndogo. Kama tayari unayo kabatini, kitengeneze kwa raha. Kama huna, usiende kuinunua kwa ajili ya hili. Chukua shira, uiloweke na ganda la chungwa likiwa bado la moto, na umefika karibu sana.

Sukari ya kawaida, shira, asali

Sukari kavu haiyeyuki vizuri kwenye kitu baridi, na pombe inazidi kuikatalia. Utakoroga mpaka mkono uchoke na bado utaikuta chini ya glasi. Pika shira. Ni dakika tano: sukari na maji sawa kwa sawa, moto mdogo, koroga mpaka maji yawe meupe tena, zima kabla haijawa nzito kama ya kaimati. Ikipoa iweke kwenye chupa safi, inakaa kwenye friji wiki mbili au tatu.

Sukari yetu ya Kilombero, Kagera au ya TPC Moshi, ile yenye rangi ya mchanga, inafaa kuliko nyeupe sana. Bado ina ladha kidogo ya muwa, na ladha hiyo inashikana na mwaloni wa wiski. Hili nililigundua siku nyeupe ilipokwisha.

Asali ndiyo inayonipa furaha zaidi, ila ina masharti. Changanya sehemu mbili za asali na moja ya maji ya moto, kwa sababu asali tupu ikikutana na barafu inaganda kama gundi. Inakoleza utamu kuliko shira, kwa hiyo anza na kijiko kimoja. Na uangalie ni asali ya wapi. Asali nyeusi ya nyuki wa miombo, kama ya Tabora, ina nguvu na moshi kidogo. Kwenye wiski nyepesi itafunika kila kitu. Kwenye wiski ya Uskoti, hasa yenye harufu ya moshi, inakaa kama imezaliwa nayo. Huko New York mwaka 2005 Sam Ross, mhudumu wa baa iliyoitwa Milk & Honey, aliunda kinywaji cha wiski ya Uskoti, limau, asali na tangawizi, akakiita Penicillin. Ukiitazama orodha hiyo unaona ni dawa ya mafua ya bibi zetu, imeongezwa wiski tu. Nimeitengeneza na tangawizi mbichi ya kukwaruza na asali ya Tabora wakati wa baridi ya Julai, na kati ya vyote nilivyoandika hapa, hicho ndicho ningekupa ukija nyumbani usiku.

Chumvi pia, chembe chache tu, zile zinazokaa kwenye ncha ya kisu. Aliyewahi kula embe bichi kwa chumvi hahitaji maelezo.

Wiski ipi

Hapa napita haraka, kwa sababu nilishasema limau ndilo linaloamua.

Wiski za Kimarekani ndizo zinazoelewana na limau bila juhudi. Bourbon kwa sheria ya kwao ni lazima angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, na ilazwe kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Kutoka kwenye kuni hizo hutoka ule utamu wa vanila na sukari ya kuungua, na limau linautafuta utamu huo. Wiski ya Tennessee ni jirani yake. Tofauti kubwa ni kwamba kabla ya pipa huchujwa kwenye mkaa. Yoyote kati ya hizo, ya bei ya kawaida, inatosha.

Ya Ireland, kama Jameson, ni nyepesi, nyingi hutoneshwa mara tatu, na kwenye njia ya kumimina inaweza kupotea ukizidisha limau. Punguza limau hadi kijiko kimoja na nusu. Ya Uskoti ya kuchanganywa, kama Johnnie Walker Red, inafaa zaidi kwa kutikisa na asali. Ile Black, iliyokaa miaka 12, mimi siichanganyi na limau. Haiharibiki, lakini unachokuwa umelipia, ile miaka, limau linakifunika ndani ya sekunde moja. Mwenye chupa ya zawadi aliyoletewa na shemeji kutoka uwanja wa ndege na ainywe taratibu na tone la maji, kisha anunue ya kawaida kwa ajili ya jagi.

Jambo moja silipiti haraka. Chupa ya bei ya kushangaza, mfuniko uliolegea, lebo iliyopinda, usiinunue hata kama muuzaji ni rafiki. Limau na sukari vinafunika ladha mbaya vizuri mno, na pombe bandia yenye methanoli haina ladha ya kukuonya. Inapofusha na inaua, na ukanda wetu umeshazika watu kwa sababu hiyo. Tanzania chupa inatakiwa iwe na stempu ya kodi, na TRA wana programu ya simu, Hakiki Stempu, ya kuisoma. Kenya wana stempu ya KRA na programu ya Soma Label. Isome ukiwa bado dukani.

Jagi, na wasiokunywa

Nyumba nyingi za kwetu mgeni akija hafiki peke yake. Anakuja na mama yake, na mtoto, na jirani Mwislamu ambaye ni kama ndugu, na mlokole ambaye ni ndugu kweli. Ukimwaga wiski ndani ya jagi, umewatenga watu hao wote kwa mkupuo mmoja, na umeweka mezani kitu ambacho mtoto anaweza kujimiminia akidhani ni juisi. Hili limenikalia moyoni kuliko vipimo vyote. Niliwahi kumwona shangazi akiinua glasi isiyokuwa yake kwenye sherehe ya watu, na aibu iliyofuata haikuwa yake, ilikuwa ya walioandaa meza.

Kwa hiyo kwa wageni zaidi ya wanne nachagua jagi la sharubati tupu, na wiski ikae pembeni, kwenye meza nyingine, na kijiko chake. Glasi pia ziwe za aina mbili, ndefu kwa wanaokunywa na fupi kwa wasiokunywa, ili hata zikichanganyika kwenye trei mtu ajue.

Jagi la karibu lita mbili linataka malimau manane. Yaoshe. Menya ganda la njano tu la matatu kwa kisu kikali, ule weupe wa chini uuache kwenye tunda kwa sababu ndio wenye uchungu. Weka maganda hayo kwenye bakuli na sukari gramu 300, yaani kikombe kimoja na nusu, uyakande kwa mwiko au kwa mkono mpaka sukari ianze kulowa. Funika, uache saa nzima. Utakuta sukari imekuwa kama mchanga uliomwagiwa mafuta, na ndivyo ilivyo: ni mafuta ya ganda yametoka, na hakuna kitu kingine kitakachokupa harufu hiyo. Kamua malimau yote manane, mimina juu ya sukari, koroga hadi iyeyuke, chuja kwenye jagi, kisha ongeza maji baridi lita moja na robo. Onja. Iwe kali kidogo kuliko unavyoipenda, kwa sababu barafu itakuja. Jani la nanaa likipatikana, tia. Iliki usitie, inaugeuza mchezo wote kuwa chai.

Anayetaka wiski anatia vijiko vitatu kwenye glasi yenye barafu na kujaza sharubati juu. Ni ile ile njia ya kumimina, kazi yote imefanyika kabla mgeni hajavua viatu, na wewe mwenye nyumba unakaa na watu badala ya kusimama jikoni ukitikisa chupa moja moja.

Ukilinganisha gharama, jagi linashinda pia. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi kumi na sita kwa vijiko vitatu, lakini kumi na mbili tu kwa kutikisa. Kutikisa ninakuwekea kwa siku mlipo wawili au watatu, mvua inanyesha, na hamna haraka.

Barafu iandae usiku wa kuamkia siku yenyewe, na kwa wingi kuliko unavyodhani, maana umeme ukikatika saa kumi jioni huna pa kukimbilia. Iweke kwenye mfuko uliofungwa. Barafu iliyolala wazi kwenye friza pamoja na samaki inachukua harufu ya samaki, na hakuna limau litakaloiondoa.

Sharubati ikibaki, usiilaze kwenye jagi. Imimine kwenye trei za barafu igande. Haina tone la pombe, kwa hiyo kesho yake mchana watoto wanaweza kutafuna vipande vyake uani.